Betri ‘imekufa’ au imeisha chaji? Tofauti yenye gharama kwa mwenye kamera

KITENZI kufa kimebebeshwa mzigo mzito mno tunapozungumzia mitambo. Gari limekufa, redio imekufa, simu imekufa, betri imekufa. Kwa gari na redio, msikilizaji huelewa mara moja kwamba kuna hitilafu na fundi anahitajika. Kwa betri, hata hivyo, kauli hiyo hiyo hutumiwa kuelezea mambo matatu yasiyolingana hata kidogo: kwamba chaji imeisha na betri inahitaji kurudishwa kwenye stima tu, kwamba betri imezeeka na haishiki chaji kama zamani, na kwamba betri imeharibika kabisa wala haifai tena. La kwanza ni njaa, la pili ni uzee na la tatu ndilo mauti. Anayeyachanganya hutupa betri nzima na kubaki na mbovu mfukoni.

Hasara hii naiona zaidi miongoni mwa vijana wanaojitafutia riziki kwa kamera, wale wanaojaa nje ya malango ya vyuo vikuu msimu wa mahafali na kwenye harusi kila Jumamosi. Mmoja wao, ambaye nilimfundisha isimu kabla hajaona kwamba harusi zina pesa kuliko fonolojia, alinijia ofisini majuzi na kamera ya mtumba na swali.

“Prof, hizi AA za kuchaji naona ni dhaifu. Zimeandikwa 1.2. Zile za kawaida za duka zimeandikwa 1.5. Si hiyo ni hesabu tu?”

Ni hesabu kweli, nikamjibu, ila umehesabu nambari isiyokusaidia. Tulizungumza saa nzima, naye aliondoka na kurasa mbili za maelezo. Kwa kuwa najua wako wengi wenye swali kama lake, nimeonelea niyaeleze hapa.

Tuanze na jina lenyewe. Betri tumelikopa kutoka kwa Kiingereza, nacho kililitoa kwa Kifaransa, ambako asili yake ni kupiga, na hasa kupiga kwa mizinga. Katika miaka ya 1740, Mmarekani Benjamin Franklin alilitumia kuita mitungi ya kioo ya kuhifadhia umeme aliyokuwa ameiunganisha pamoja, kama mizinga iliyopangwa safu moja. Kiasili, basi, betri ni kikosi wala si askari mmoja. Askari mmoja ni seli. Kile tunachokiita betri ya AA, ambacho wengi wetu tuliokulia mashambani tulikijua kwa jina la jiwe la tochi, ni seli moja. Ile betri bapa ya kamera kubwa za kisasa kwa kawaida ina seli mbili ndani yake, moja imefuata nyingine. Najua neno seli lina kazi nyingi tayari: limefunga watu katika vituo vya polisi na limejaza madaftari ya biolojia. Litabeba na hili pia.

Sasa hesabu. Chukua tangi la maji lililo juu ya paa. Urefu wa mahali lilipo ndio unaoyapa maji msukumo. Huo ndio volti. Lita zilizomo ndizo miliampea-saa, zile ambazo kwenye betri huandikwa mAh. Lakini kuna jambo la tatu ambalo halikuandikwa popote kwenye karatasi ya betri: upana wa bomba linaloteremsha maji. Wanasayansi hulizungumzia kama ukinzani wa ndani. Tangi linaweza kuwa kubwa na liko juu sana, lakini ikiwa bomba lake ni jembamba kama mrija wa soda, hutaoga.

AA ya kawaida ya alkali, isiyochajika, ni tangi kubwa lenye bomba jembamba. Ukiiweka kwenye saa ya ukutani, ambayo hunywa tone kwa tone, itatoa karibu miliampea-saa 2,500 na kukaa mwaka mzima au zaidi. Ukiiweka kwenye kamera ya dijitali, mambo hubadilika. Kamera hainywi kwa matone. Inawasha kioo cha nyuma, inasukuma lenzi kwa mota, inajaza flashi. Kila moja ni gogo la maji kwa mkupuo. Seli ya alkali ikidaiwa namna hiyo hutoa chini ya nusu ya kilichomo, na volti zake 1.5, ambazo ni za mwanzo tu, huporomoka. Kamera ikiona volti zimeshuka hutangaza kwamba betri imeisha, kisha inazima. Ndiyo maana betri ‘zilizokufa’ ndani ya kamera huhamishiwa kwenye rimoti ya televisheni na kufanya kazi miezi kadhaa. Hazikuwa zimekufa. Zilikuwa zimeombwa kukimbia ilhali zimeumbwa kutembea.

Seli ya kuchajiwa ya nikeli na haidraidi ya metali, ambayo huandikwa Ni-MH, ina bomba pana. Huanzia chini, volti 1.2, lakini hubaki karibu na hapo hadi inapokaribia kuisha. Kwa kamera inayotumia AA, au kwa flashi ya nje ambayo hadi leo aghalabu hutumia AA nne, hakuna mjadala: Ni-MH inaishinda alkali kwa picha nyingi, na flashi hujaa upesi zaidi kati ya picha moja na nyingine. Kwenye harusi upesi huo ndio tofauti kati ya kumpata bibi arusi akicheka na kumpata akiwa ameshageuka. Kijana wangu alikuwa ameshikilia 1.5 dhidi ya 1.2, yaani urefu wa tangi, bila kuuliza habari za bomba.

Kabla ya Ni-MH kulikuwa na nikeli na kadimi, Ni-Cd, iliyovumbuliwa na Msweden Waldemar Jungner mwaka wa 1899. Kamera ya kwanza ya dijitali yenyewe iliendeshwa nayo. Mwaka wa 1975 mhandisi kijana wa kampuni ya Kodak huko Rochester, Marekani, Steven Sasson, aliunda mtambo mzito uliopiga picha ya nyeusi na nyeupe yenye nukta 10,000 tu na kuihifadhi kwenye kaseti kwa sekunde 23. Ndani yake alikuwa amepanga betri 16 za Ni-Cd. Leo betri hizi hazina sababu ya kuwa kwenye mkoba wa mpiga picha. Kadimi ni sumu, na Umoja wa Ulaya uliiwekea vikwazo vikali katika betri ndogo tangu agizo lake la 2006.

Hata hivyo, Ni-Cd ilituachia urithi wa ajabu: ushauri. Seli hizo zilikuwa na tabia iliyoitwa athari ya kumbukumbu. Ukizoea kuzichaji kabla hazijaisha, tena kila mara katika kiwango kile kile, zilianza kushuka nguvu zikifika pale, kana kwamba zinakumbuka kwamba hapo ndipo kazi huishia. Ndipo watu wakafunzwa: maliza chaji yote kwanza. Seli zikabadilika, lakini ushauri ukabaki. Wengi wetu tunakumbuka muuza simu akituagiza tuchaji simu mpya saa nane kamili kabla ya kuiwasha, kisha tuiache iishe kabisa. Ni-MH ina kumbukumbu hafifu mno, nayo ioni za lithiamu haina ya kutajwa; zaidi ya hayo, kuimaliza kabisa mara kwa mara kunaifupishia maisha. Ushauri wa babu umekuwa sumu kwa mjukuu.

Doa la Ni-MH lilikuwa jingine. Seli za zamani za aina hii zilivuja chaji zikiwa zimekaa tu. Ungezijaza Jumatatu, ukazitia kabatini, na baada ya mwezi ukakuta robo yake imeyeyuka bila picha hata moja kupigwa. Mwaka wa 2005 kampuni ya Sanyo ya Japani ilileta Eneloop, aina ya Ni-MH iliyopunguza uvujaji huo kiasi kwamba baada ya mwaka mzima sehemu kubwa ya chaji bado ilikuwamo. Sanyo baadaye ilinunuliwa na Panasonic, na wengine wengi wamefuata njia hiyo. Ukiwa dukani, tafuta seli zilizoandikwa kwamba zimechajiwa tayari kiwandani. Hiyo ndiyo dalili kwamba ni za uzao huu mpya. Seli hizi huwa na miliampea-saa 1,900 hadi 2,000 hivi kwa ukubwa wa AA. Zipo za zaidi, hadi karibu 2,700, lakini aghalabu huchajiwa mara chache zaidi kabla ya kuchoka. Ukikuta AA ya Ni-MH iliyoandikwa 4,000 au 5,000, rudisha mahali pake taratibu. Hiyo si betri, ni riwaya.

Betri za ioni za lithiamu, Li-ion, ni ukoo tofauti kabisa. Seli moja ina volti 3.6 au 3.7, mara tatu ya Ni-MH, na lithiamu ni metali nyepesi kuliko zote. Ndani yake ioni husafiri kutoka upande mmoja hadi mwingine wakati wa kuchaji na kurudi wakati wa kutumika, bila kuhitaji kuyayusha na kuunda upya metali kila mara. Msingi wake uliwekwa na M. Stanley Whittingham katika miaka ya 1970, John B. Goodenough mnamo 1980 na Akira Yoshino mnamo 1985, nao wakatuzwa Nobeli ya Kemia kwa pamoja mwaka wa 2019. Goodenough alikuwa na umri wa miaka 97, mzee kuliko mshindi yeyote wa Nobeli kabla yake. (Sisi wa miaka ya sitini tulisoma habari hiyo kwa tabasamu.) Kampuni ya Sony iliiuza mara ya kwanza mwaka wa 1991, na miongoni mwa vifaa vya mwanzo kabisa kuitumia ni kamera ya video. Tarakilishi zilifuata. Betri iliyomo mfukoni mwako sasa hivi, msomaji wangu, ina undugu na kamera.

Linganisha uzito. Seli nne za AA za Ni-MH zenye miliampea-saa 2,000 zina jumla ya wati-saa 9.6, kwa maana volti 1.2 mara ampea-saa 2 mara nne. Zina uzani wa zaidi ya gramu 100. Betri ya Canon aina ya LP-E6, iliyotoka mwaka wa 2008 na ambayo imejaa katika soko letu la mitumba, ina volti 7.2 na miliampea-saa 1,800, yaani karibu wati-saa 13, kwa takriban gramu 80. Nguvu zaidi katika mzigo mwepesi. Ndiyo sababu watengenezaji wa kamera kubwa walihamia huko, na huna uwezo wa kuwapinga: kamera huja na umbo lake la betri na huwezi kuingiza nyingine. Uchaguzi wako wa kweli umebaki kwenye flashi, kwenye kamera ndogo za AA na kwenye swali la betri asilia au ya kuiga.

Hapo ndipo pesa za vijana wetu zinapopotea. Betri za kuiga si zote mbaya. Ziko kampuni zinazotengeneza mbadala wa kuaminika kwa bei nafuu. Tatizo ni zile zisizo na mwenyewe, au zilizobandikwa jina la mwenyewe asiyezijua. Ndani yake waweza kukuta seli zilizotumika, au mzunguko wa ulinzi uliopunjwa. Mzunguko huo ni kibanzi cha kielektroniki kinachokata umeme kabla seli haijachajiwa kupita kiasi, haijaishiwa kupita kiasi na haijapata shoti. Betri ya lithiamu bila mlinzi wake ni moto uliofungwa kwa karatasi. Na betri yoyote ya lithiamu iliyofura, isiyoingia wala kutoka kwenye kamera kwa urahisi kama zamani, hiyo ndiyo imekufa kwa maana kamili. Usiitoboe wala usiichaji tena.

Tukiwa kwenye moto, niseme jambo kuhusu jua. Wengi tuliyaanika mawe ya redio juani, kwenye bati, ili tusikie taarifa ya habari ya saa moja. Ilifanya kazi kidogo, na ina maelezo: joto huharakisha kemia iliyobaki ndani ya seli na kuyapanua yale mabomba, ijapokuwa halikuongeza tone la maji tangini. Watu wamelirithisha tendo hilo kwa betri za lithiamu, na huko ni hatari tupu. Joto ndilo adui wake mkuu. Kamera iliyoachwa ndani ya gari lililofungwa madirisha, juani kule Mombasa au Garissa, huzeesha betri kwa kasi hata kama haikupiga picha. Ikiwa hutaitumia kwa miezi kadhaa, iache ikiwa na chaji nusu hivi, mahali penye baridi kiasi, wala usiiache tupu. Tupu ikikaa muda mrefu hushuka chini ya kiwango ambacho chaja itakubali kuifufua.

Hata ikitunzwa, huzeeka. Baada ya kujazwa na kuishiwa mara 300 hadi 500, aghalabu huwa imebaki na kama asilimia 80 ya uwezo wake wa awali. Huo ndio uzee niliouita wa pili, na unahitaji neno lake. Mimi husema betri imechoka. Betri iliyochoka bado ina kazi: ipe jukumu la akiba, au itumie siku za mazoezi, lakini usiende nayo harusini peke yake. Kumbuka pia kwamba kamera zisizo na kioo cha ndani hunywa zaidi, kwani mpiga picha hutazama skrini muda wote. Sony A7 ya mwaka wa 2013 ilikadiriwa picha 340 hivi kwa chaji moja; Canon 5D Mark II ya 2008, kamera ya kioo, ilikadiriwa 850. Ukihama kutoka ya pili hadi ya kwanza, tia betri mbili za ziada kwenye bajeti kabla hujatia lenzi.

Nirejee kwenye lugha, maana hii ni safu yake. Madukani utasikia ‘betri ya kuchaji’. Je, ni betri inayochaji vitu au inayochajiwa? Kiswahili kina vifaa vya kutenganisha. Kuchaji ni kitenzi cha mkopo kisichoishia kwa -a, kama walivyo kujibu, kufikiri na kusamehe, na kinakubali viambishi vyetu bila ubishi. Ile inayopokea umeme tena na tena ni betri ya kuchajiwa, au inayochajika. Kile kibunda cha kuongezea simu chaji safarini ni betri ya kuchajia. Na ile ya alkali ni betri isiyochajika. Tofauti hii si ya kupendezesha mtihani. Asiyeijua huweka seli ya alkali kwenye chaja kwa sababu zote ‘ni AA’, nayo huvuja au kupasuka. Kuna na mtego mwingine: seli za lithiamu za kuchajiwa zenye umbo la AA, jina lake 14500, ambazo zina volti 3.7 badala ya 1.2. Zinaingia kwenye flashi vizuri sana, na zinaiunguza vizuri sana. Soma herufi, usisome umbo.

Ama kuhusu ‘mabetri’, neno hili limeenea mtaani na silikemei katika maongezi. Katika maandishi, betri ni ya ngeli ya I-ZI: betri hii, betri hizi, sawa na kamera hii, kamera hizi.

Jingine kabla sijasahau. Nyingi za betri za lithiamu za kamera hutumia kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa eneo la Kolwezi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani na ya sokoni. Wanaolichimba jiwe hilo huongea lugha ninayoiandika hapa, wengine wakiwa katika mashimo yasiyo na usalama wowote. Siku nyingine nitaandika jinsi Kiswahili chao kinavyoyataja mambo haya. Kina utajiri ambao sisi wa pwani na bara ya Kenya hatuusomi.

Kwa kijana wangu, niliandika hivi: AA nane za Ni-MH za uzao mpya kwa ajili ya flashi, zigawanywe makundi mawili ya nne nne na kutiwa alama kwa kalamu, zisichanganywe, kwa kuwa seli moja iliyochoka kati ya tatu nzima hulazimishwa kupita sifuri na kuharibika. Chaja inayochaji kila seli peke yake, si mbili mbili. Betri mbili za lithiamu za kamera, asilia au za kampuni inayotoa dhamana. Zikisafiri kwa ndege, betri za akiba ziwe kwenye mkoba wa mkononi, ncha zimefunikwa, kamwe zisiwe kwenye sanduku la chini. Wati-saa 13 ni kidogo sana kuliko kikomo cha 100 ambacho huhitaji ruhusa ya ndege ukikivuka. Na zikifa, kufa kwa kweli, zisitiwe jaani wala chooni. Jijini Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea taka za kielektroniki, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 imemtwika mzalishaji wajibu wa bidhaa yake hata baada ya kuiuza, kwa hivyo aliyekuuzia pia anaweza kuulizwa zirudishwe wapi.